Karanga na Mayai kwa Watoto Wadogo

Katika nyumba nyingi huzuka shauri mtoto anapotimiza miezi sita: je, aonje karanga na yai, au angoje hata awe mkubwa? Bibi asema hivi, jirani asema vile, na mama mwenye mtoto wa kwanza hubaki na hofu. Twapenda kulieleza jambo hili, maana hofu isiyo na maarifa yaweza kumdhuru mtoto.

Kwanza tutenge mwiko na mzio. Mwiko ni desturi, kama wako wamnyimao mtoto yai wakisema kwamba atachelewa kusema. Mzio, kwa maneno ya madaktari, ni mwili kukidhania chakula kuwa adui na kukipiga vita. Ndipo midomo huvimba, ngozi hutoka vipele vya kuwasha, mtoto hutapika, au pumzi humbana. Mwiko waweza kuachwa. Mzio ni ugonjwa wa kweli, nao waweza kuua.

Kwa sababu hiyo madaktari wa Uingereza mwaka 1998, na wa Marekani mwaka 2000, waliwashauri wazazi wa jamaa zenye mzio wasiwape watoto karanga mpaka miaka mitatu. Shauri hilo lilionekana la busara, lakini mzio haukupungua. Mwaka 2008 wataalamu waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, wakaona kwamba wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi. Nao wa Israeli huanza kula karanga wangali wadogo sana.

Ndipo Daktari Gideon Lack na wenzake wa London wakafanya jaribio kwa watoto 640 wa miezi 4 hata 11, wenye ukurutu mkali, au mzio wa yai, au yote mawili. Nusu walinyimwa karanga, nusu walilishwa kila juma, hata walipotimiza miaka 5. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika wale ambao ngozi yao ilipopimwa mwanzoni haikuonyesha dalili, walionyimwa karanga walipata mzio karibu 14 katika kila 100. Waliokula hawakufika 2. Wataalamu wengi wafikiri kwamba chembe za chakula zikiingia kwa ngozi yenye ukurutu huufundisha mwili uadui, bali zikiingia kwa tumbo huufundisha urafiki.

Basi yafaa tufanyeje? Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hata miezi sita, kisha aanzishwe uji huku akiendelea kunyonya. Akiisha kuuzoea, tieni karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, kiasi cha ncha ya kijiko, asubuhi akiwa mzima, mkamtazame kwa saa mbili. Asipopata neno, ongezeni kidogo kidogo siku nyingine. Yai lichemshwe hata likauke lote. Anzeni chakula kimoja kimoja, mpate kujua kilichomdhuru. Na alichokizoea aendelee kukila kila juma, maana kuonja mara moja hakutoshi.

Karanga nzima asipewe kabla ya miaka 5, zisije zikampalia. Zilizoota ukungu zitupwe, kwa kuwa sumu yake haiishi kwa kukaangwa. Mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuvimba kwa chakula fulani, aonwe na daktari kwanza. Tena pumzi ikimbana au akilegea, mkimbizeni hospitali saa ile ile, wala msipoteze wakati kwa dawa za nyumbani. Dawa yake ni sindano ya adrenalini.

Nanyi walimu, twawasihi msome habari hizi mbele ya akina mama, na akina baba wasikose, maana ndio watoao fedha ya mayai. Tusimnyime mtoto kwa hofu riziki ambayo Mungu ametuoteshea shambani. Bali tumpe kwa kiasi, kwa uangalifu, na kwa shukrani.