KIFUA KISICHOSIKIA DAWA
Pengine ni mshipa uliokosekana tangu tumboni

Wakazi wa Njombe na Makambako wameizoea baridi, na mtu akikohoa huambiwa ni baridi hiyo hiyo. Akitema damu, fikira ya kwanza ni kifua kikuu, na ndivyo ipasavyo. Lakini iwapo makohozi yamepimwa mara kadhaa na vijidudu havikuonekana, yafaa kumwuliza daktari kama ipo sababu nyingine.

Kwa kawaida, mshipa mkubwa upelekao damu mapafuni hugawanyika matawi mawili, kila pafu na lake. Kwa watu wachache sana, wanaokadiriwa kuwa 1 kati ya 200,000, tawi moja halijengeki mtoto akiwa tumboni. Hali hiyo ilielezwa na daktari Fraentzel mwaka 1868. Pafu lililokosa tawi hubaki dogo, likilishwa na vijishipa vya kifuani ambavyo huweza kutanuka na kupasuka. Ndipo mtu hutema damu. Pafu la pili hubeba mzigo wote, na shinikizo laweza kupanda hata moyo ukachoka.

Wako wanaofikia utu uzima bila kujua. Eksirei huonyesha pafu dogo na moyo uliovutwa upande huo, lakini makovu ya kifua kikuu nayo huweza kuleta sura kama hiyo. CT skani ya mishipa ndiyo hukata shauri, na kipimo cha eko hukadiria shinikizo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ni hospitali ya rufaa kwa maradhi ya moyo.

Mwinuko nao una hatari yake. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu wazima wanne waliokosa tawi la kulia, ambao mapafu yao yalijaa maji kwenye mwinuko wa mita 2,000 hadi 2,750. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000. Basi mwenye hali hii akihamishiwa huko kikazi kutoka pwani, amwone daktari kabla ya safari.

Aliyekwisha gunduliwa hana budi kupimwa shinikizo mara kwa mara, hata akijiona mzima. Mwanamke ashauriane na daktari kabla ya kushika mimba. Kutweta kuliko kawaida, miguu kuvimba, kuzimia au kutema damu ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, usiache dawa za kifua kikuu kwa shauri lako mwenyewe. Tena tunza picha zako za zamani: daktari akizilinganisha na za leo, atajua kama pafu lilinywea juzi au lilikuwa dogo tangu hapo.