Barafu ya mvuvi itadumu siku ngapi?

Kabla ya kung'oa nanga, mvuvi anayepakia barafu pale Feri, Dar es Salaam, anapaswa kujua itamfikisha hadi lini. Wengi hukisia kwa macho, na kisio likikosea samaki huoza baharini. Hesabu yake si ngumu.

Kilo moja ya barafu yenye baridi ya nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri huhitaji kilojuli 21 tu kufikia sifuri. Kuyeyuka ndiko kunakodai joto jingi: kilojuli 334, na muda wote huo kipimajoto hakipandi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1760, Joseph Black wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alitundika ukumbini chupa mbili, moja ya maji baridi sana, nyingine ya barafu. Maji yalipanda nyuzi 7 za Farenhaiti kwa nusu saa. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kuyeyuka na kufikia joto hilohilo. Joto linalomezwa hivyo likaitwa joto fiche.

Sasa chukua deli lenye kilo 50 za barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Kuiyeyusha yote kunahitaji kilojuli 17,750 hivi. Kama kuta na kifuniko vina eneo la meta mraba 2, vimejazwa povu gumu la sentimita 5, na nje kuna nyuzi 30 za Selsiasi, joto linalopenya ni wati 40 hivi. Gawanya: takriban siku tano. Kasha la mbao la sentimita 2, kwa eneo lilelile, hupitisha zaidi ya wati 200. Barafu haimalizi siku nzima.

Kisha waingie samaki. Kilo 100 zilizotoka majini zikiwa na nyuzi 28 humeza takribani kilo 30 za barafu ili zipoe hadi sifuri. Siku tano zimekuwa mbili, hata kabla ya kuhesabu kila kifuniko kinapofunguliwa. Ndiyo maana wataalamu hushauri, kwa nchi za joto, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki.

Mikopo ya wavuvi huzungumzia injini na nyavu. Deli lenye kuta nene linastahili nafasi kwenye orodha hiyo, maana samaki aliyeoza ni mafuta, jasho na usiku mzima wa kazi vilivyopotea. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vifundishe hesabu hii, na mizani ya barafu iwepo kila mwalo.