Kwikwi isiyokoma, jicho linaloingia giza: zijue seli za nyota

Leo tuzungumzie seli ambazo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, mbali na seli za neva zinazopeleka ujumbe, kuna seli saidizi zenye matawi kama nyota. Zinaitwa astrosaiti. Zinalisha neva, zinaondoa kemikali zinazobaki ujumbe ukishapita, na ncha za matawi yake zimeizunguka mishipa midogo ya damu. Kwenye ncha hizo kuna vilango vya kupitishia maji, viitwavyo akwaporini-4.

Katika ugonjwa unaoitwa NMO, kinga ya mwili inavidhania vilango hivyo kuwa adui na kuvishambulia. Astrosaiti zikifa, neva zilizokuwa zikitunzwa nazo huharibika. Ni ugonjwa adimu, lakini huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu, na wanawake zaidi sana kuliko wanaume. Jicho linauma na kuingia giza ndani ya siku chache. Au miguu inakufa ganzi na kuishiwa nguvu, mkojo unakataa kutoka. Wengine huanza na kwikwi na kutapika kwa siku nyingi mfululizo, wanapewa dawa za tumbo, na nyumbani watu wanasema karogwa. (Siwalaumu, hata hospitalini kwikwi hupuuzwa.)

Huku ughaibuni madaktari wanaufahamu zaidi ugonjwa wa MS, na dalili zinafanana, basi mgonjwa wa NMO anaweza kuambiwa ana MS. Hapo ndipo penye hatari, kwani baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, zinaweza kuizidisha NMO. Kingamwili inayosababisha ugonjwa huu ilielezwa mwaka 2004 na sasa inapimwa kwa damu. Kwa hiyo ukiambiwa una MS, uliza: "Nimepimwa akwaporini-4?" Kama umeshaanza dawa, usiiache mwenyewe, uliza kwanza. Na kipimo kisipoonyesha kitu, daktari bado ataangalia picha za MRI, maana si wagonjwa wote wanaonekana kwenye damu.

Kila shambulio linaweza kuacha upofu au kupooza kwa kudumu. Jicho au miguu ikibadilika ghafla, nenda emajensi siku hiyo hiyo. Kwikwi ikipita siku mbili, muone daktari. Kiingereza kikikusumbua omba mkalimani, usimbebeshe mtoto kazi hiyo.