Skrini ya kazi na michezo isikutese macho
Kijana mmoja, mchoraji wa mabango kwa kompyuta, alinijia akihofia kwamba anapofuka. Mchana huchora, usiku hucheza michezo ya video taa zikiwa zimezimwa, jambo ambalo mamake alikuwa amemkanya kabla yangu. Nilipompima, macho yalikuwa mazima ila makavu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, hupungua hadi nusu au chini yake.

Alitaka kununua skrini mpya. Kwa shughuli zote mbili, inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 yatosha. Chagua aina ya IPS, kwani rangi zake hazigeuki sana ukiitazama kwa upande, na inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Epuka inayopunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzimika upesi. Baadhi ya watu huumwa kichwa. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu? Hifadhi pesa zako.

Iweke umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usipite macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Ukiona ukungu usioisha hata baada ya kupumzika, nenda ukapimwe.