Kwa nini binti yako hataki michezo tena?

Kila muhula unapoanza, mimi hupokea wazazi wanaotaka barua. Wanataka nimwombe mwalimu amwondolee mtoto somo la michezo. Wengi wa watoto hao ni wasichana wa kati ya miaka 12 na 16. Kwa miaka mingi niliandika barua hizo bila kuuliza mengi. Foleni ilikuwa ndefu na mzazi alikuwa amekwisha kulipa.

Kisha siku moja akaja mama mmoja na bintiye wa miaka 14. "Daktari, huyu mtoto kifua kinambana akikimbia. Mwandikie tu asikimbie." Nilimpima. Mapafu yalikuwa safi, moyo ulipiga sawasawa na damu ilikuwa ya kutosha. Kalamu ilikuwa tayari mkononi, lakini sijui kwa nini, nilimwomba mama atungoje nje kidogo. Muuguzi alibaki nasi.

Msichana alitazama viatu vyake kwa muda, kisha akasema kifua hakimbani. Kinamuuma akiruka, maana hana sidiria ya kukishika vizuri, na wavulana hujipanga kando ya uwanja wakicheka. Kaptura ya michezo ni fupi. Hakuna mahali pa kubadilishia nguo ila chooni, na mlango wa choo haufungiki. Tena muhula uliotangulia, mwenzake alichafuka kwa damu ya hedhi mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo, yeye na marafiki zake watatu waliapa kutokimbia tena.

Hapo nilijiuliza ni barua ngapi nilizowahi kuandika kuhusu vifua visivyokuwa na ugonjwa wowote.

Jambo hili si la shule moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, yaani mwendo wa kumfanya ahemee kidogo. Takwimu za wanafunzi wa nchi 146, zilizochapishwa mwaka wa 2019, zilionyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiasi hicho. Wavulana walikuwa asilimia 78. Nao hawana la kujivunia.

Nyumbani pia kuna yake. Saa kumi na moja jioni mvulana hutupa mkoba na kukimbilia mpira. Dada yake huosha vyombo, humwogesha mdogo wake na kuinjika sufuria ya ugali. Akimaliza, giza limeingia, na hakuna mzazi wa mjini mwenye akili timamu atakayemtuma binti nje saa hiyo. Viwanja vya mitaa yetu navyo vimemezwa na majengo. Simlaumu mama anayefunga lango. Ninachouliza ni kwa nini vyombo visioshwe na kaka siku mbili tatu kwa wiki.

Halafu kuna maneno ya mitaani. Eti kukimbia huharibu kizazi. Faith Kipyegon alijifungua mwaka wa 2018, kisha akashinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris. Eti michezo humwondolea msichana ubikira. Msomaji, kizinda hutofautiana tangu kuzaliwa, na hali yake haithibitishi lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Eti atakuwa na misuli kama mwanamume. Mwili wa msichana hauna homoni za kutosha za kumfanyia hivyo kwa kuruka kamba.

Kuhusu hedhi, wengi hudhani msichana anapaswa kulala. Kwa kweli mazoezi mepesi huwapunguzia wengi maumivu ya tumbo. Kinachohitajika ni sodo, maji na mlango unaofungika. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, lakini wengine ninaowaona bado huniambia hupata chache au hukosa kabisa. Umri huu ndio mifupa inapojijenga kwa kasi, na nguvu iliyokosekana sasa ni vigumu kuirudisha uzeeni.

Wapo wanaohitaji daktari kwanza. Mtoto akizirai akikimbia, akiumwa na kifua kweli, akikoroma kifuani kama mwenye pumu, au akiwa mweupe wa macho na hedhi yake ni nzito, mlete. Hata mwenye pumu hucheza vizuri akipata dawa yake.

Na nini huwavutia? Nimewauliza wengi. Hutaja marafiki kwanza. Hutaja kuchagua wenyewe: dansi, mpira wa pete, kuruka kamba, hata kutembea. Wengi waliacha siku mwalimu alipochagua timu ya shule na wao wakabaki kuwa mashabiki. Sidiria nzuri ya michezo hupatikana Gikomba kwa bei nafuu, nayo hufanya kazi kuliko barua yangu.

Yule mama alirudi miezi mitatu baadaye kupimwa presha. Alikuwa amekwenda shuleni kuomba wasichana waruhusiwe kuvaa trakisuti. Aliambiwa sare ni sare. Siku hizi binti huruka kamba jioni na jirani zake juu ya gorofa, pale nguo zinapoanikwa, na mama ndiye hushika ncha moja ya kamba. Nami nimeiandikia shule barua, safari hii kuhusu trakisuti na mlango wa choo. Bado haijajibiwa.