Namna ya Kupanga Vipaza-Sauti Ndani ya Kanisa Kubwa

Mtakatifu Paulo anawafundisha Waroma ya kuwa imani inatoka katika kusikia. Tena maagizo ya Misale ya Roma, namba 311, yanataka waamini wasikie padri, shemasi na wasomaji bila taabu, kwa msaada wa vyombo vya siku hizi. Lakini mara nyingi, siku ya Mungu, wale wa nyuma wanasikia kelele tu. Mama mzee ametembea mbali kwa miguu, naye anarudi nyumbani bila Evanjili. Jambo hilo si dogo. Tuangalie sababu zake na dawa yake.

1. Nguvu peke yake haitoshi

Wengi wanaweka mabafle mawili makubwa karibu na altare. Wa nyuma wasiposikia, wanapandisha nguvu. Lakini mahali pa wazi, kila mara umbali unapozidi mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Nawe ukizidisha nguvu ya ampli mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Hivi wa mbele wanaumia masikio, na wa nyuma hawajafaidi kitu.

Tena katika kanisa la matofali, kama Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo hapa Lubumbashi, kuta zinarudisha sauti. Silabi ya kwanza ingali inazunguka, na ya pili inafika juu yake. Ukipaza zaidi, mwangwi nao unazidi. Wallace Sabine, mwalimu wa Harvard, alianza kupima jambo hilo mwaka 1895, akaona ya kuwa watu na nguo zao wanameza sauti. Kwa hiyo vyombo visipimwe katika kanisa tupu tu.

2. Sauti igawanywe

Inafaa kutundika mabafle madogo mengi kwenye nguzo, membamba na marefu, yakielekea watu, yasielekee ukuta wala manjanja ya juu. Kila moja iseme kwa upole na watu wa karibu yake.

3. Bafle ya nyuma ingoje

Sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Umeme unaipita mbali sana. Bafle iliyo mita 34 nyuma ya zile za mbele inasema mara moja, na sauti ya mbele inaifikia baada ya sekunde 0,1. Mtu wa pale anasikia neno moja mara mbili. Basi fundi aicheleweshe bafle ile sekunde 0,1, na kuongeza kidogo, kama sekunde 0,01. Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 ya kuwa sikio linafuata sauti iliyotangulia, hata kama ile inayofuata upesi inaipita nguvu kidogo. Hivi mwamini anaona neno linatoka altareni.

Katika uwanja mkubwa, kama Ndolo kule Kinshasa, Papa Fransisko alikoadhimisha Misa mwaka 2023, shida inazidi: aliye mita 340 kutoka altare, sauti ya altareni inamfikia baada ya sekunde nzima.

4. Mikro

Msomaji aikaribie mikro. Nayo isitazamane na bafle, isije ikapiga filimbi.

Mwisho, kabla ya kulipa fundi, katekista asome majina ya watu altareni, na mtu mwingine akae kiti cha mwisho, ayaandike. Akikosea mengi, kazi haijaisha.