Timbuktu: nilienda kutafuta dhahabu, nikaulizwa daftari za babu

Leo niwaelezee mji wenye wengi wetu tunaujua kwa jina tu: Timbuktu, kule Mali, pembeni ya jangwa la Sahara. Nilifikaka huko Desemba 2010, wakati nilikuwa nasoma Bamako.

Kitu chenye kilinisukuma ni somo la historia. Mwalimu alitufundishaka juu ya Kankan Musa, mfalme wa Mali, mwenye alienda Maka mwaka 1324 na kugawa dhahabu nyingi sana Kairo, mpaka bei yake ikashuka. Basi mimi, mu kichwa, nilikuwa naona mji wa dhahabu.

Kutoka Mopti nilipanda mtumbwi mrefu wa injini kwenye mto Niger, siku tatu, kati ya mbuzi na magunia ya mchele. Tulishukia bandari ya Korioumé, halafu gari. Na kisha kufika? Mchanga. Nyumba za udongo, upepo wa kuingia mu macho. Nikajisemea: ni hii tu?

Kumbe sikuwa wa kwanza. Mfaransa René Caillié alifika 1828, amejifanya Mwarabu juu ya kuogopa kuuawa. Shirika la Jiografia la Paris liliahidi faranga 10.000 kwa mwenye angefika huko na kurudi na habari. Yeye pia aliona nyumba za udongo, akavunjika moyo.

Sote wawili tulikuwa tunaangalia kuta. Timbuktu haikuchimba dhahabu, ilikuwa mahali pa kukutana. Ngamia walileta chumvi kutoka kaskazini, mitumbwi ilileta dhahabu na chakula kutoka kusini. Hata mimi niliona sokoni chumvi ya Taoudenni, imekatwa kama mbao. Inatoka karibu kilometa 700 ndani ya jangwa. Na penye biashara, vitabu navyo vilifika. Katika karne ya 16, msafiri Leo Africanus aliandika kama vitabu vilileta faida kuliko bidhaa zingine. Walimu walifundisha karibu na msikiti wa Sankoré, wanafunzi wakanakili kwa mkono. Jeshi la Morocco lilipouteka mji mwaka 1591, baadaye mwanachuoni Ahmed Baba alipelekwa Marrakesh kwa nguvu. Alilalamika kama walimnyang'anya vitabu 1.600, na tena maktaba yake ndiyo ilikuwa ndogo katika jamaa yake!

Mzee mwenye alinipokea alifungua sanduku la bati. Ndani, karatasi za babu wa babu yake: sheria, nyota, dawa, hata madeni, nani alikopa chumvi kwa nani. Zingine mchwa walisha kula. Tulikuwa tunaongea Kifaransa. Akaniuliza: "Mtoto wangu, na za babu yako ziko wapi?"

Nikanyamaza. Babu yangu alikuwa karani. Aliacha daftari: majina ya vijiji, bei ya kahawa, mashauri ya mashamba, nani alimuachia nani shamba. Mwaka wa kwanza wa chuo nilikosa pesa ya silabusi, nikaziuza kwa mama mmoja wa karanga. Alifungia karanga ndani ya maandishi ya babu. Hata mimi nilizikula.

Tunapenda kusema eti Mwafrika hakuandika. Lakini hata huku kwetu, Maniema na Kisangani, wakati wa Tippu Tip watu walikuwa wanaandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kuandika tuliandika. Kazi ni kutunza.

Mwaka 2012 vikundi vyenye silaha viliuteka Timbuktu. Abdel Kader Haidara na wenzake, pamoja na jamaa nyingi za pale, wakajaza maandishi mu masanduku ya bati, wakayatorosha polepole mpaka Bamako, kwa gari na kwa mtumbwi. Januari 2013, wapiganaji wakiwa wanakimbia, walichoma sehemu ya maandishi kwenye Taasisi ya Ahmed Baba. Mengi yalisha ondoka. Hayakuokolewa na jeshi, yaliokolewa na watu wenye walijua kitu gani kiko ndani ya sanduku.

Leo siwaambii muende. Njia ya kule iko na vita, na sisi tunajua vita ni nini. Lakini sanduku iko hata kwenu, chini ya kitanda cha mzee. Kabla ya kuuza karatasi, fungua, soma, piga picha na simu. TFC yako pia, weka kopi kwa watu wawili.

Daftari za babu hazitarudi. Siku hizi, kila Jumapili, ninakaa na papa. Yeye anasema majina ya vile vijiji, mimi ninaandika. Tumefika 43. Yeye mwenyewe anasema mengine alisha yasahau.